Wimbo umemdhuru mwanangu, naomba ushauri

Mama_Langoni: Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, Langoni. Mwanangu wa kiume ana miaka 14. Ijumaa usiku wenziwe walimtumia ule wimbo wa mji wa Lavender, wa mchezo wa Pokémon, wanaosema uliua watoto Japani. Alikuwa darini, ameuweka masikioni. Nikasikia kishindo. Nilimkuta sakafuni amekakamaa, mate yanamtoka. Tangu hapo hataki kubaki peke yake hata chooni. Wimbo nimeufuta. Aliyekwisha kuusikia huondolewaje madhara yake? Huu ni usiku wa tatu silali.

Binti_Shela: Pole dadangu. Lakini mtoto na simu usiku wote huo? Kwangu simu zote huwa chini ya mto wangu baada ya Isha. Tunawalea wenyewe, kisha tunalaumu Wajapani.

Nahodha_Matondoni: Sauti zina mambo. Bibi yangu alinikataza kupiga mbinja usiku, akisema naita nyoka. Tukiwa safarini na jahazi la boriti, baharia mmoja akapiga mbinja usiku kucha. Alfajiri tanga likapasuka katikati. Lilikuwa kuukuu, sikatai. Lakini yule hakupiga mbinja tena mpaka tunatia nanga.

Zilipendwa: Wimbo wa kuua ni ule wa Hungaria wa mwaka 1933, wa Rezső Seress. Ulisingiziwa vifo vingi. Billie Holiday aliurekodi 1941, na BBC ikakataza sauti yake isirushwe hewani mpaka 2002.

Punda_Hana_Breki: Kama nyimbo zinaua, jirani yangu na taarabu yake ya saa kumi na moja alfajiri angekuwa ameshatuzika Mkomani nzima.

Binti_Shela: @Zilipendwa, na huyo mtunzi mwenyewe si alijiua?

Zilipendwa: Mwaka 1968, miaka 35 baada ya kuutunga. Na katikati hapo alikuwa Myahudi aliyepitia kazi za kulazimishwa wakati wa Manazi. Msimbebeshe wimbo mzigo wote huo.

Msomaji_Mkomani: Dada, turudi kwa mtoto. Mchezo ule ulitoka Japani 1996, na habari ya watoto kufa kwa wimbo ni uzushi wa mitandaoni uliokuja miaka mingi baadaye. Lililotokea kweli ni la Desemba 1997: katuni ya Pokémon kwenye televisheni ilimemetesha taa nyekundu na buluu kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wakakimbizwa hospitali. Baadhi yao walipatwa na kifafa. Ni mwanga, si wimbo. Niambie: mwanao aliwahi kuanguka kabla ya Ijumaa?

Mama_Langoni: Mimi nimeuliza habari ya wimbo.

Msomaji_Mkomani: Nimekusikia. Aliwahi kuanguka?

Mama_Langoni: Mara mbili, mwaka jana. Hospitali walisema kifafa, wakampa vidonge. Ramadhani ilipoingia alitaka kufunga kama wenziwe, nikamwachisha vidonge. Msinihukumu. Vilikuwa vinamlaza darasani, mwalimu analalamika, na alipoviacha akachangamka, hakuanguka hata siku moja mpaka wimbo huu. Sasa mtanielewa kwa nini nasema ni wimbo? Mganga wa Malindi nimeshamtumia shilingi 6,000. Jumatano tunavuka Mokowe tupande basi. Pesa hairudi.

Jicho_Kavu: Ngojeni kwanza. Akaunti imefunguliwa jana. Kisa hiki nilikisoma zamani, mtoto akiwa wa Mombasa. Na kifafa kimezuka baada ya majibu kumi! Anatutunga huyu.

Punda_Hana_Breki: Nami nilishangaa, mama wa Langoni ajue mji wa Lavender?

Mama_Langoni: Nimeambiwa na mwanangu, akilia. Nilifungua akaunti jana kwa sababu jana ndipo nilipokosa wa kumwambia. Babake yuko baharini. Mkiona natunga, basi.

Nahodha_Matondoni: Mwacheni. Ndugu yangu alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na mbili. Na sisi tulizunguka hivi hivi, ada za waganga zikala hata mashua.

Msomaji_Mkomani: Dada, kuna kifafa adimu kinachochochewa na muziki, daktari Macdonald Critchley alikiandika 1937. Kwa hiyo sikucheki. Lakini kuacha vidonge ghafla na kukesha na simu vinatosha kumwangusha mtoto, bila wimbo wowote. Akianguka tena mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, na ikipita dakika tano mkimbize hospitali. Vidonge bado unavyo?

Mama_Langoni: Viko kabatini, nimevifunga kwenye leso.

Msomaji_Mkomani: Usimrudishie kwa kukisia. Soma jina la dawa, asubuhi nenda nalo hospitali pamoja naye, uwaambie aliacha lini. Kabla ya Jumatano.

Jicho_Kavu: Atupigie picha ya pakiti basi.

Mama_Langoni: Stima imepotea huku. Nawasha tochi ya simu yake nisome.