Kisasi hadithini: nani huzika?

MLETA MADA, KISUMU: Mpwa wangu wa kidato cha pili amemaliza riwaya nene ya majoka na mapanga, shujaa akimlipizia kisasi kakake. Kuipekua, nakuta amechora vijistari vya penseli pembeni, kimoja kwa kila aliyeuawa. Wenye majina amewazungushia duara. Vistari vimejaa kurasa. Maduara hayafiki kumi. Wengine ni nani? "Hao ni wanajeshi tu, anko."

Hilo "tu" ndilo limenileta hapa. Kwangu, hadithi ya kisasi isiyoonyesha nani anazika ni mbovu, hata iwe tamu vipi. Mwasemaje?

MSOMAJI, NAKURU: Ndugu, waache vijana. Mtu ametoka kazini hoi, anataka kuona mwonevu akiangushwa, basi. Mbona hukulalamika nyanyako akikusimulia Luanda Magere, yule shujaa wa Waluo?

MLETA MADA: Hapo umenishika. Mwili wa jiwe, mikuki inateleza. Adui zake Wanandi wakamwoza binti yao apeleleze siri. Alipougua, Magere akamwambia mkewe amchanje chale kwenye kivuli, si mwilini. Damu ikatoka. Binti akatoroka usiku, na vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki, jamaa akawa jiwe. Jiwe tunaonyeshwa mpaka leo kule nyanda za Kano, Kisumu. Lakini yule binti? Nyanya alisema "msaliti", akageuza samaki kikaangoni, hadithi ikasonga. Mtoto wa watu katolewa kwao kama chambo, kalala na adui, kakimbia porini peke yake gizani, na mimi hata jina lake sikuwahi kuuliza.

MAMA WAWILI, KAKAMEGA: Msiwasingizie wazee wote. Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili wa pwani, alidungwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa mke. Akafa amepiga goti kisimani, mshale upindeni, na mji mzima ukakosa maji kwa kumwogopa maiti. Mamake ndiye aliyetumwa kumbembeleza. Mke wenyewe kijana hakupewa, akaugua, akafa. Gharama si hiyo hapo?

MLETA MADA: Ni hiyo hasa, mama. Ndoo tupu za watu wasiohusika! Nyanya yangu angeniongezea hapo.

MSOMAJI, NAKURU: Sawa, ila mkimpa kila askari jina na mama, kitabu kitaisha lini?

MLETA MADA: Nipe mmoja anayetafutwa na mamake usiku, halafu shujaa wako afyeke anavyotaka.