Wakongwe wanaacha kazi serikalini: tuwazuieje?

Mdau wa Maji: Wadau, mhandisi mwandamizi wa mamlaka yetu ya maji ameacha kazi, yuko kwa mkandarasi. Alikaimu ukuu wa kitengo kwa miaka, posho ya kukaimu inatoka mwezi huu, mwingine haitoki. Nafasi ilipothibitishwa, akaletwa mtu kutoka nje. Mhandisi wetu hajamaliza hata mwezi tangu aondoke, bomba kuu likapasuka usiku na hakuna aliyejua valvu ya kufungia iko wapi. Akaelekeza yeye kwa simu: nyuma ya kilabu, chini ya mfuniko wa zege. Watu kama hawa tunawabakizaje?

Ngosha: Aende, ni tamaa ya hela tu. Kwa mkandarasi mradi ukiisha na ajira imeisha. Serikalini una pensheni.

Mama Wawili: Pensheni ipi, kaka? Ile ya kuchukua nusu kwa mkupuo iko wapi?

Ngosha: Mmezoea kulialia. Kile kikokotoo cha pensheni, cha kulipa asilimia 25 tu kwa mkupuo, si Magufuli alikifuta?

Mwalimu Mstaafu: Alikisitisha Desemba 2018, hakukifuta. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 sisi ambao zamani, kabla ya 2018, tulikuwa wa asilimia 50 tukapandishwa kutoka 33 hadi 40. Nusu haijarudi. Nimeshika chaki mpaka nywele zimeota mvi, halafu unaniambia nalialia?

Kijana wa Kihesa: Shikamooni wazee. Mimi nina shahada na niko mtaani. Mkongwe akiondoka, nafasi inapatikana.

Mama Wawili: Mdogo wangu, kibali cha ajira hakitoki siku anayoondoka. Na ukiingia, nani atakuelekeza kazi?

Kijana wa Kihesa: Kuelekezwa? Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, mkongwe wetu alikuwa anafungia michoro kwenye droo na kutembea na funguo!

Mdau wa Maji: Hilo nalo lipo, na linaniuma. Mtu asiye na uhakika na cheo chake hujilinda kwa anachokijua. Kima cha chini cha mshahara serikalini kimetoka shilingi 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, jambo jema kabisa, ila huyu wetu hakuwahi kulalamikia mshahara. Akikaimu miezi sita, athibitishwe, au aitwe aambiwe ana kwa ana kwamba hafai na kwa nini.

Ngosha: Nyie wa ufundi mnadhani kukaa sana ndio kujua kuongoza.

Mama Wawili: Na aliyeletwa kutoka nje alijua kuongoza nini, wakati mtaa mzima hauna maji?

Mwalimu Mstaafu: Ngosha, hujanijibu kuhusu ile nusu.