Kurudi darasani kusomea kazi unayoijua: tupeane uzoefu

Mkunga wa Zamu
Habari zenu wapendwa. Naanza mimi, nanyi mfuate.

Nilikuwa nimefanya kazi leba, wodi ya kujifungulia, kwa miaka 19 nilipopangiwa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Nilinuna. Watoto wote waliopita mikononi mwangu, leo nifundishwe na kijana aliye rika moja na binti yangu?

Tuligawiwa midoli, kila wawili mmoja. Mdoli unajazwa maji ya uvuguvugu mpaka uwe na uzito wa mtoto kweli, na una vibonyezo: mwenzako akivibonyeza, mtoto anapumua au kitovu kinapiga. Akiviachia, mtoto kimya. Mkufunzi akaniambia, "Mama, huyu hajalia. Endelea." Nikafanya kama nilivyozoea miaka yote: nikakata kitovu, nikanyonya ute mdomoni na puani, nikasugua mgongo, nikanyonya tena, ndipo nikaitafuta ambu, ule mfuko wa kubonyeza wa kumpa mtoto hewa. Hakunikosoa. Alinionyesha saa tu. Dakika moja na sekunde 40.

Ile dakika ya kwanza wanaiita Dakika ya Dhahabu. Kabla haijaisha, mtoto awe anapumua mwenyewe au wewe uwe umeshaanza kumpa hewa. Umkaushe, umpe joto, umsugue mgongo. Ute unyonywe pale tu unapoziba njia. Sisi chuoni tulifundishwa kumnyonya kila mtoto, na mkono wangu ulikuwa umeshika hilo kuliko kichwa.

Hata ambu yenyewe nilikuwa naibonyeza kifua hakipandi. Kijana akanishika mkono taratibu: "Kichwa umekikunja, mama. Kirudishe nyuma kidogo tu." Nikakaza barakoa ya ambu juu ya kidevu, mdomo na pua, nikabonyeza. Kifua kikapanda. Nililia pale pale mbele ya watu, maana niliwakumbuka wale ambao hakikupanda.

Fundi Taa, Mbagala
Pole sana mama. Mimi natandaza nyaya za umeme majumbani, kazi niliyojifunza kwa bosi wangu mtaani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini: wanaangalia unachokijua, wanakufundisha unachokosa, kisha unafanya mtihani upate cheti. Nilifuata cheti, sina la kuficha, maana kazi kubwa zilikuwa zinanipita.

Siku ya pili mwalimu akauliza waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, tunaufunga wapi. Nikajibu kwa sauti: kwenye bomba la maji. Ndivyo bosi alivyonifundisha, na enzi zake mabomba yalikuwa ya chuma mpaka ardhini. Mwalimu akaniuliza, "Na siku hizi mabomba ni ya nini?" Plastiki! Kwa hiyo ule waya haupeleki umeme popote. Ukivuja kwenye friji au jiko, anayegusa ndiye anakuwa njia. Sikulala usiku ule. Nilizirudia nyumba nilizozikumbuka, nikachimbia fimbo ya ethi kwa hela yangu.

Mwalimu wa Gredi ya Pili, Kenya
Nawaonea wivu. Mtaala wa umilisi ulipoanza 2019 tulikusanywa ukumbini likizo, walimu wengi mno, na mwezeshaji akatusomea maandishi ya ukutani tangu asubuhi. Mtaala unataka mtoto ajifunze kwa kutenda, nasi tulifundishwa tukiwa tumefunga mikono! Nilichofaidi nilikipata wakati wa chai: mwenzangu kutoka shule nyingine alinionyesha jinsi anavyofundisha kujumlisha kwa vifuniko vya chupa. Bado navitumia. Kama kozi haikupi nafasi ya kufanya kazi yako mbele ya mtu anayeijua, mimi naona ni siku zimepotea.

Nesi Mpya
Shikamoo mama mkunga. Uliporudi wodini uliwaambiaje wenzako? Mimi ni mdogo, nikisema wananiona najidai.

Mkunga wa Zamu
Marahaba mwanangu. Sikuwaambia kitu. Niliomba mdoli mmoja ubaki kwetu, nikaanza kujizoesha mwenyewe kabla ya zamu, mbele yao. Wiki ya kwanza walinitazama tu. Ya pili mmoja akasema, "Hebu lete nami nijaribu." Anza na ambu: kaza barakoa kwenye kiganja chako, bonyeza, usikilize kama hewa inavuja. Mimi nafanya hivyo kila nikiingia zamu, hata kabla ya kuvua mkoba.