Niuze kiwanja nitengeneze filamu, au nisubiri?

Kijana wa Feri:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nina miaka 37, natunza stoo ya vifaa vya ujenzi Buguruni, nina mke na watoto wawili. Tangu 2016 nina hadithi moja kichwani: mama anayeuza vitafunwa kivukoni Kigamboni, anamsubiri mwanawe aliyekwenda machimboni asirudi. Skripti imekamilika, kurasa 84. Nina kiwanja Chanika na mteja nimeshampata. Nikiuza, naacha kazi, nakodi kamera na taa, naingia lokesheni. Mke wangu hajakataa, ila tangu nimwambie amepunguza maneno. Naomba ushauri wa wakongwe walioongoza filamu. Au ndiyo umri umenitupa mkono?

Mzee Klapa:
Marahaba mwanangu. Kazi hii niko nayo tangu enzi za kanda za VHS, nitakwambia yaliyonipata mwenyewe.

Kiwanja usiuze. Mtu aliyeuza kiwanja anaingia lokesheni na hofu mfukoni. Kwa filamu yangu ya kwanza niliuza gari, Mark II nyeupe, nikapanga siku 11. Siku ya nne mvua ikashuka, haikukatika mpaka jioni. Kuanzia hapo kila mwigizaji akiomba kurudia nilikuwa nakataa, teki moja, twende. Nikiitazama leo naona kiwewe changu kwenye nyuso zao.

Filamu hiyo ikauza, na hapo ndipo nilipopotea. Msambazaji mmoja akanunua masta, yaani nakala mama ya filamu, na haki zote kwa mkupuo, akaniambia niikate sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja DVD yake. Kisha akataka nyingine kama ileile: jumba la kifahari, bwana tajiri, mke anasalitiwa. Nilipiga tisa za namna hiyo, baadhi kwa siku saba. Nilijenga, watoto wakasoma, namshukuru Mungu. Lakini katika miaka ile sikujaribu kitu kipya isipokuwa mara moja.

Temeke kulikuwa na mama mmoja wa mihogo ya kukaanga. Si msanii. Nilimwomba aigize mfiwa, akaniambia, "Mwanangu, kulia uongo siwezi. Niache nimenye mihogo yangu, nikikumbuka nitalia." Tukaacha kamera ikirekodi. Akamenya, ganda linashuka refu bila kukatika, halafu kisu kikasimama katikati. Akakiangalia kitambo. Akaendelea kumenya. Hakulia. Ilikuwa dakika mbili na nusu, na fundi wangu wa sauti alilazimika kutoka nje. Msambazaji akasema hapo watu watalala, toa. Nikatoa. Kanda zilikwenda pamoja na masta, sina nakala. Katika kazi yangu yote, kile ndicho kipande ambacho ningetaka wajukuu wangu wakione.

Kuhusu kuacha kazi, kasome habari za Satyajit Ray, mwongozaji wa India. Alikuwa ameajiriwa kampuni ya matangazo Kolkata, akaanza kupiga filamu yake Pather Panchali mwaka 1952 siku za mapumziko. Walipiga picha za watoto wawili kwenye shamba la nyasi zenye maua meupe. Waliporudi kumalizia, wakakuta ng'ombe wameyala maua yote! Akasubiri msimu mwingine yachanue. Pesa zilimwishia, vito vya mkewe vikawekwa rehani, mwishowe serikali ya jimbo ikatoa za kumalizia, na filamu ikatoka 1955. Nawaza sana habari ya wale ng'ombe. Mimi ningepiga shamba lolote lililokuwa karibu, nimalize.

Anza na yule mama wa kivukoni peke yake, dakika kumi. Na siku mtu akikuletea karatasi ya kununua haki zote, usisaini siku hiyohiyo.

Dada Mhariri:
Mzee wangu, shikamoo. Kwenye kiwanja tuko pamoja, kwenye kupiga siku za mapumziko kama huyo Ray nina neno. Mezani kwangu nina hadi diski za filamu zilizopigwa wikiendi kwa wikiendi, na hazitaisha. Jumapili ya kwanza mwigizaji kasuka, ya tatu kanyoa, ya tano kapata ujauzito. Mimi nawaunganishaje?

Kijana, una likizo ya mwaka, siku 28 kisheria. Ichukue yote, piga mfululizo. Kabla ya hapo kashughulikie kibali Bodi ya Filamu, na kila anayetokea kwenye picha asaini, hata mpita njia aliyekubali kusimama. Na kila jioni nakili kazi kwenye diski mbili, zilale nyumba mbili tofauti.

Umri usikutishe. Sembène wa Senegali alizaliwa 1923, akabeba mizigo bandarini Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa, akaona watu wake wengi hawawezi kuzisoma. Alikwenda Moscow kujifunza filamu akikaribia miaka 40. Filamu yake Borom Sarret, habari ya mwendesha mkokoteni wa Dakar, ilitoka 1963 na haifiki hata nusu saa. Ya mwisho, Moolaadé, aliitoa 2004.

Kijana wa Feri:
Nimemsomea mke wangu majibu yenu jana usiku. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule mama wa mihogo yupo bado. Mteja nimempigia, nimemwambia siuzi. Likizo yangu ni Septemba. Ila Jumapili hii nitakwenda kivukoni saa kumi na moja alfajiri, yule mama wa vitafunwa anapowasha jiko, nikae naye tu bila kamera kwanza.

Mzee Klapa:
Mwambie mkwe wangu nilirudi Temeke kumtafuta, nikakuta kibanda kimevunjwa, na majirani hawakujua alikohamia. Namba yangu nimekutumia pembeni. Septemba ukianza, beba kitambaa kikavu cha lenzi. Upepo wa pale feri una chumvi, ukifika saa nne kioo kimeshafanya ukungu.