Tupeane uzoefu: mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu na dawa za asili za Kichina

Mtoto wa Pangani

Ndugu wanajamvi, salaam. Familia nyingi zinazouguza mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, hufikiwa na jamaa mwenye kifurushi cha mizizi na magome, akiapa kwamba kwao Wachina hawahangaiki na dripu. Naomba waliougua au kuuguza waeleze walichokiona wenyewe, si walichosimuliwa.

Naanza na yangu. Kaka yangu, ambaye tulikuwa naye Guangzhou katika shughuli za biashara, aliota mitoki isiyouma shingoni na kwapani, akawa anatoka jasho usiku mpaka shuka linakamulika. Kinyama kilichokatwa kwenye tezi kilionyesha limfoma ya seli B kubwa, akapangiwa mchanganyiko uitwao R-CHOP, yaani rituksimabu na dawa nyingine tatu za dripu pamoja na vidonge vya prednisoni, kila baada ya siku 21. Idara ya tiba ya Kichina ilikuwa ndani ya hospitali hiyo hiyo, na aliyetuelekeza huko ni daktari wa saratani mwenyewe.

Daktari wa mitishamba, kabla hajamgusa mgonjwa, aliomba majibu ya maabara na ratiba ya dripu. Kisha akaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa kifundo cha mkono mmoja, akahamia mkono wa pili, akamtaka atoe ulimi, na akamwonyesha mwanafunzi wake alama za meno pembeni mwa ulimi na utando mweupe mzito juu yake. Maswali yake yalihusu usingizi, choo, kiu na ubaridi wa miguu. Cheti cha dawa alichoandika hakikuwa cha kudumu: siku za dripu kilikuwa na kiazi cha banxia, ganda la chungwa lililokaushwa na tangawizi kwa ajili ya kichefuchefu, na siku za baadaye, seli nyeupe zinaposhuka, kikawa na mizizi ya huangqi, dangshen na baizhu ili kumrudishia nguvu. Uvimbe wenyewe aliuachia R-CHOP, na alitamka hivyo bila kuzunguka.

Mwanafunzi wa Nanjing

Nasomea tiba hii, hivyo niongeze upande wa nadharia. Waganga wa kale wa China hawakuwa na hadubini, walipanga uvimbe kwa kuupapasa: ni mgumu au laini, unasogea au umeshikamana, una joto au hauna. Uvimbe usio mwekundu, usio na joto wala maumivu waliuhesabu kuwa ni kohozi lililoganda. Kohozi hapa si lile la kifuani tu, bali majimaji yanayobaki mwilini wengu unaposhindwa kuyasafirisha, yakaganda kama mafuta ya supu iliyopoa, hasa pale hasira au huzuni ya muda mrefu inapokwamisha mwendo wa qi, yaani nguvu ya uhai, ya ini. Damu inapotuama na sumu ikaongezeka, uvimbe hukomaa. Kwa hiyo tiba ina pande mbili zinazokwenda pamoja, kuutegemeza mwili na kukifukuza kilichouvamia, na mwenye taaluma hupima kila mara upande upi uongezwe kulingana na hali ya mgonjwa siku hiyo.

Dawa inayotajwa sana ni Xiaoluo Wan, iliyoandikwa na Cheng Guopeng mwaka 1732, nayo ina vitu vitatu tu: mzizi wa xuanshen, tunguu la beimu na ganda la chaza. Siku hizi waandishi wa vyeti huongeza mimea ya xiakucao na baihuasheshecao. Lakini dawa hiyo hiyo ilitumiwa kwa mitoki ya kifua kikuu cha tezi, na mitoki mingine hutokana na maambukizi yanayopita yenyewe. Msomaji akikutana na ushuhuda wa zamani kwamba uvimbe wa shingo uliyeyuka, hana njia ya kujua kama ulikuwa saratani. Baihuasheshecao imeonekana kuua seli za saratani katika vyombo vya maabara, na kutoka hapo hadi kumponya mgonjwa kuna safari ndefu ambayo haijakamilika. Ndiyo maana nashikilia kwamba kinyama kikatwe kwanza, hata kama mgonjwa ameazimia kutumia mitishamba.

Mama Wawili, Nairobi

Mimi ndiye mgonjwa. Yangu ni limfoma ya folikuli, ile inayokwenda polepole, na daktari wangu aliona heri tusubiri tukiiangalia kwa vipimo kuliko kuanza dawa mapema. Kusubiri huko kunachosha akili kuliko watu wanavyofikiri, kwa hiyo nilikwenda kwenye kliniki ya Kichina, nikapewa mchemsho. Tezi ya kinenani ilipungua, nyumbani ikawa furaha. Nilipomweleza daktari wangu, alifungua jalada, akanieleza kwa utulivu kwamba aina hii hupungua na kuongezeka yenyewe hata kwa asiyetumia chochote. Baadaye ilirudi kuwa kubwa nikiwa bado nakunywa mchemsho ule ule. Sijutii, maana nilipata usingizi mzuri na hamu ya kula, ila siwezi kusema kwamba uliniponya.

Nesi Mstaafu, Dar

Asante dada yangu kwa ukweli huo. Nami nieleze kilichotukuta wodini. Mama mmoja, mgonjwa wa limfoma, alikuja kwa dripu yake na vipimo vya ini vikawa vimepanda sana. Rituksimabu inaweza kuamsha virusi vya homa ya ini aina ya B vilivyolala, kwa hiyo hilo likatafutwa kwanza, dripu ikasimama, familia ikazidi kuingiwa na hofu. Binti yake ndipo akatoa pochini mfuko wa vipande vyeusi vya mzizi, ambao mwenzetu aliyesoma Kichina alitambua kuwa heshouwu. Mzizi huo unajulikana kuumiza ini la baadhi ya watu. Aliyewauzia alikuwa amewaambia wasitutajie.

Kuna mingine ya kuogopwa zaidi. Mimea yenye asidi ya aristolokiki huharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo, jambo lililojulikana miaka ya 1990 baada ya wanawake wa Ubelgiji kupewa vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na mmea huo. Hata susu, ambayo imo katika vyeti vingi vya Kichina, hushusha potasiamu, na prednisoni nayo hushusha. Leteni paketi yenyewe pamoja na jina lake. Hakuna nesi mwenye busara atakayewagombeza.

Fundi Cherehani

Binafsi nilinufaika na sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa. Dripu ilinichafua tumbo, na sindano iliyochomwa ndani ya kigasha, juu kidogo ya kifundo, kati ya kano mbili, mahali panapoitwa Neiguan, ilinituliza kichefuchefu. Jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za afya za Marekani mwaka 1997 lilikubali matumizi hayo. Mchomaji alidai kwanza majibu ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na siku ambayo chembe hizo zilikuwa chache alinirudisha nyumbani. Ganzi ya vidole haikuondoka haraka, nikawa nashindwa kutunga uzi. Ganzi hiyo hutokana na vinkristini, mojawapo ya dawa za dripu za R-CHOP, ambayo, wakuu, asili yake ni ua la Madagaska linalopandwa kwenye nyua zetu. Wanaosema hospitali haitumii mimea walifikirie hilo.

Kijana wa Tanga

Binamu yangu alikuwa na limfoma ya Hodgkin, aina ambayo vijana wengi hupona. Mitoki ilipotoweka mapema aliacha dripu, akahamia kwa muuzaji aliyemwambia kuwa kilichobaki ni kusafisha sumu kwa mitishamba. Alirudi hospitali akiwa hawezi kulala chali kwa sababu ya uvimbe kifuani. Sina zaidi.

Mama Wawili, Nairobi

Pole sana mwanangu. Mtoto wa Pangani, mlichemshaje dawa zile, na kaka aliendelea nazo baada ya dripu kwisha?

Mtoto wa Pangani

Dada, tulitumia chungu, kamwe si sufuria ya chuma. Cheti kikiwa na ganda la chaza, hilo hutangulia kuchemka peke yake kama nusu saa, kisha mizizi iliyolowekwa huongezwa. Hospitali pia ilitoa mchemsho tayari katika mifuko iliyofungwa, ambao tuliupendelea siku za kazi. Dripu zilipokwisha na picha za mwili mzima kuwa safi, daktari alipunguza dawa hatua kwa hatua, akamwachia tarehe za vipimo. Mwenye mgonjwa wa limfoma ya seli T, ambayo hatujaigusa, karibu aendelee.