Kijana anayetaka kuwa programa, chuo ni lazima? Tupeane uzoefu

Mgosi wa Makorora: Wakuu, nina mpwa wangu hapa nyumbani kamaliza kidato cha sita. Anashinda barazani na laptopu anaandika programu, na juzi katangaza kwamba chuo haendi, atajifunza mwenyewe. Shemeji kakasirika, hata sinia moja hawali tena. Mimi ndiye nimefanywa mwamuzi, na ninachojua kwenye kompyuta ni kuwasha na kuzima. Mliopita njia zote mbili, semeni.

Bando la Usiku: Umenigusa mkuu. Mimi chuo sikukanyaga. Nilijifunzia kwenye simu, hapo Mabawa, saa za bando la usiku, kwa masomo ya freeCodeCamp ambayo ni bure kabisa. JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kwa kidole gumba, kioo kimepasuka, nusu ya skrini imeliwa na kibodi. Ukisahau kufunga mabano unayatafuta mpaka adhana ya alfajiri. Leo ndiyo kazi inayonilisha. Wateja wengi wako Dar na Nairobi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza cheti. Wanataka kuona kazi, nawapa kiungo cha GitHub, tovuti ninakoweka programu zangu, tunaongea bei.

Ila kuna kipindi zilitangazwa nafasi za Ofisa TEHAMA serikalini. Kazi zilizoorodheshwa pale ndizo ninazofanya kila siku. Nikaingia Ajira Portal, nikajaza majina, nikajaza namba ya NIDA, nikafika kwenye elimu. Wanataka shahada. Hakuna kisanduku cha kuandika "sina lakini kazi naiweza". Iliniuma mno, maana angekuwa mtu ningembembeleza, au hata tungegombana.

Chumbageni Mjini: Kweli tupu.

Digrii Kabatini: Mimi ninayo. Mtihani wa C, nayo ni lugha ya programu, mwaka wa kwanza tuliandika kwa kalamu, programu nzima kwenye karatasi, mwalimu ndiye anajifanya kompyuta anaisoma mstari kwa mstari. Nililaani sana. Na sasa bodi ya mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara kabla sijauona. Lakini kuna vitu nilisomeshwa kwa lazima, data inavyosafiri kwenye mtandao, kwa nini utafutaji huu unakimbia na ule unasinzia, ambavyo kwa hiari yangu nisingevigusa. Ukijifundisha mwenyewe unasoma unachokipenda tu.

Bando la Usiku: Hayo yote yako YouTube.

Digrii Kabatini: Yako. Umeyaangalia?

Bando la Usiku: Nimeangalia yaliyonipa hela.

Tajiri Mtarajiwa: Bill Gates aliacha chuo, Zuckerberg aliacha chuo. Dogo asipoteze muda.

Mzee wa Sahare: Gates tena! Gates aliacha Harvard mwaka 1975, na programu alianza kuandika akiwa na miaka 13, shuleni kwao wameunganishwa na kompyuta wakati huo sisi hata neno lenyewe hatujalisikia. Baba yake wakili. Alipoacha alikuwa na kampuni ya kwenda. Wewe uliacha nini, ukaenda wapi?

Tajiri Mtarajiwa: Mzee taratibu, presha hiyo.

Mzee wa Sahare: Linus Torvalds kaanza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na chuo akamaliza mpaka shahada ya uzamili. Huyo hamumtaji kwa sababu hawatetei wavivu.

Keshia Mstaafu: Mimi siyo programa. Mimi ni yule aliyelala polisi kwa sababu ya maprograma.

Nilikuwa kaunta, duka la vifaa vya ujenzi, Ngamiani, barabara ya ngapi sitaji. Bosi akaletewa mfumo mpya wa kompyuta wa mauzo na stoo, kaunta mbili, mimi na mwenzangu, daftari likafungiwa kabatini. Mwanzoni raha tupu, bosi anaangalia stoo kwenye simu yuko harusini Pangani. Mwisho wa mwezi wanahesabu: mfumo unasema saruji ipo, stoo haipo. Mwezi uliofuata ikapungua zaidi, na rangi, na nondo. Mwenzangu ni mtoto wa kaka yake bosi. Basi mwizi nikawa mimi.

Nilitolewa mbele ya wateja, kalamu bado iko sikioni. Mama akaja kituoni na chupa ya chai. Hakuniuliza kama nimeiba, aliuliza kama nimekula. Hapo ndipo nililia.

Kesho yake mhasibu wa zamani wa duka, mzee kastaafu zake, akasema nileteeni risiti za kaunta zote mbili. Akakaa chini na kalkuleta yake. Alipomaliza, risiti na stoo vikalingana mfuko kwa mfuko. Saruji haikuibiwa, iliuzwa, na hela ilishapelekwa benki. Mfumo ndio haukupunguza.

Chumbageni Mjini: Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Tajiri Mtarajiwa: Haupunguzi vipi na risiti umetoa?

Digrii Kabatini: Inatokea sana. Kaunta ya kwanza inasoma mifuko 40. Sekunde hiyohiyo ya pili nayo inasoma 40. Wa kwanza kauza 3, anaandika 37. Wa pili kauza 5, anaandika 35 juu yake. Imetoka 8, ibaki 32, mfumo unaonyesha 35. Mitatu "imeibiwa". Dawa ni kuiachia hifadhidata, pale mfumo unapotunza hesabu, yenyewe ipunguze, au kumfungia wa pili mlango mpaka wa kwanza amalize. Somo la hifadhidata hilo, chuoni linafundishwa. Sasa mnanielewa?

Bando la Usiku: Nani kakwambia waliotengeneza hawakusoma? Dada, walikuwa na digrii?

Keshia Mstaafu: Walikuwa wawili. Mmoja anayo, mwingine hana. Siku ya polisi simu zote mbili hazipatikani.

Tajiri Mtarajiwa: Hahahaha, droo.

Mama Ubwabwa: Fidia walikupa mwanangu?

Keshia Mstaafu: Nililetewa pilau na samahani. Pilau nilikula, kazini sikurudi.

Jioni Raskazone: Turudi kwa dogo. CS50, somo la utangulizi wa kompyuta la Harvard, iko bure mtandaoni. Aimalize peke yake, bila kusukumwa na mtu. Akiimaliza, ana nidhamu ya kujifundisha. Ikimshinda njiani, shemeji alipe ada.

Bando la Usiku: Hata akiimaliza, aombe chuo tu. Nasema mimi nisiyenacho.

Digrii Kabatini: Mimi ninacho nasema asubiri mwaka, afanye kazi kwanza, ndipo aamue.

Mzee wa Sahare: Na kama anaota Marekani, viza ya kazi ya kule, H-1B, inataka shahada au uzoefu unaolingana nayo. Kuulinganisha huo uzoefu ni shughuli ya mawakili.

Tajiri Mtarajiwa: Aende JKT kwanza, akirudi hata nywila ya laptopu kasahau.

Pweza wa Deep Sea: Siku hizi akili mnemba inaandika programu zote. Asomee meno.

Digrii Kabatini: Ikakueleze na saruji imeenda wapi.

Mgosi wa Makorora: Wakuu ahsanteni. Nimemsomea dogo habari ya dada keshia, kanyanyuka kakimbilia laptopu. Kumbe kuna mfumo kamuuzia jamaa wa vipuri na sisi hatujui. Shemeji kasahau hasira, kasimama nyuma yake anauliza kaunta ziko ngapi.

Bando la Usiku: Ngapi?

Mgosi wa Makorora: Tatu.