Ushauri: mdogo wangu alikuwa wa kwanza shule ya kata, kidato cha tano amekuwa wa pili kutoka mwisho

Dada_Mkubwa:
Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma mjini, nina kibanda cha steshenari na fotokopi. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tano PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), shule ya serikali ya bweni huku huku kanda ya kati, zile wanazopelekwa wenye wani (daraja la kwanza) kali. Jina la shule niachieni mwenyewe.

Kidato cha nne alisoma shule ya kata kule Kongwa. Alitoka na wani ya pointi 12, peke yake shule nzima. Baba alichinja mbuzi, mtendaji wa kijiji akaja kula.

Mtihani wa kufunga muhula wa kwanza: Fizikia 19, Kemia 33, Baiolojia 52. Wa pili kutoka mwisho, na matokeo yamebandikwa ubaoni na majina yao. Sasa hivi halali. Anaweka miguu kwenye beseni la maji ya baridi ili asisinzie, ikifika saa 9 usiku bado anataja fomula peke yake. Amekonda. Anasema kichwa kimegoma.

Baba ni mkulima, ameuza mahindi yake Kibaigwa kwa ajili ya ada, nikimwambia mtoto ameshindwa ataanguka. Swali langu: nimtoe akasome utabibu ngazi ya stashahada, au avumilie hadi kidato cha sita? Matusi sitaki.

Gunia_la_Alizeti:
Mbukwenyi. Mimi nimekaa pale chini ya mbuyu nasubiri wataalamu.

Fundi_Saa:
Fizikia F ni 7, Kemia F ni 7, Baiolojia D ni 4. Jumla pointi 18, hiyo ni foo, daraja la nne. Ikifika 20 ni ziro. Hesabu ndiyo hiyo, mengine sina.

Dada_Mkubwa:
Asante mkuu, hesabu hiyo naijua. Nimeuliza atoke au abaki.

Mzee_wa_Ndachi:
Umenikumbusha mbali sana binti. Mimi niliingia PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) mwaka 2004, shule ya namna hiyo hiyo. Kipindi cha kwanza mwalimu wa Hesabu akauliza, nani hapa alikuwa wa kwanza shuleni kwake? Mikono yote juu, mpaka wa dirishani. Akatuangalia, akasema haya, na yule atakayeshika mkia mkono wake uko juu humo humo. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na mkia nikaushika mimi.

Taa za bweni zilizimwa saa 5. Wenye msuli wao walihamia korido ya vyoo maana taa ya kule haizimwi, kila mtu na ndoo yake ameigeuza kiti, harufu wanaizoea. Kuna jamaa yeye alisoma amesimama, eti ukikaa usingizi unapata pa kushika. Siku moja alianguka na pasti pepa zake zote, tukadhani tetemeko. Leo ni daktari wa mifupa. Mimi nilihamia EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu), nina duka la vifaa vya umeme Majengo, nashukuru Mungu, na nyaya nazielewa kuliko huyo daktari.

Fundi_Saa:
Mzee, atoke au abaki?

Mzee_wa_Ndachi:
Nafika huko.

Mama_Zuhura:
Watoto wa siku hizi hawana uvumilivu. Sisi tulisoma na njaa, makande yana wadudu, na tukafaulu. Dada, usizunguke, mpeleke akapimwe mimba kwanza. Binti anayeshuka ghafla ana mtu huyo, na simu ndiyo inawamaliza.

Dada_Mkubwa:
Mama, shule yao simu ni marufuku, ukikamatwa nayo unarudishwa nyumbani. Na hana mtu. Yeye na Fizikia tu.

Nguvu_za_Pembe:
Nafundisha Fizikia na Kemia kidato cha 5 na 6, niko Nkuhungu, bei ya maelewano. Njoo inboksi.

Mwalimu_wa_Zamu:
Mimi ni mwalimu, nimefundisha kidato cha tano miaka kadhaa, shule si ya kutaja. Kuna kitu sikielewi. Muhula wa pili umeshaanza, na mtoto unasema yuko bweni. Wewe beseni la maji saa 9 usiku umelionaje?

Gunia_la_Alizeti:
Eeh. Nimesogea karibu kidogo.

Dada_Mkubwa:
Mwalimu, alinisimulia.

Mwalimu_wa_Zamu:
"Sasa hivi halali." Ndivyo ulivyoandika. Nikusaidie vipi kama unanificha mtoto alipo?

Dada_Mkubwa:
Sawa. Yuko kwangu tangu wiki iliyopita. Nilienda kumwombea ruhusa, nikasema bibi yetu amezidiwa. Msinihukumu, mngemwona alivyotoka getini na tranka lake mngefanya hivyo hivyo. Mtoto anatetemeka mikono. Ningemwacha aje kuokotwa?

Mama_Zuhura:
Na bibi hali yake ikoje?

Dada_Mkubwa:
Bibi alifariki 2017.

Gunia_la_Alizeti:
Apumzike kwa amani kwa mara ya pili.

Mwalimu_wa_Zamu:
Kumtoa apumue sikulaumu, na kama mikono inatetemeka mpeleke hospitali akaonwe leo, hilo halina mjadala. Lakini ruhusa ina tarehe ya mwisho. Ikipita anaandikwa mtoro, na kila siku anayokaa huko wenzake wanasonga. Kidato cha tano na sita tunasema miaka miwili, ni jina tu: wanaingia Julai, mtihani wa taifa wa NECTA ni Mei, kabla miaka miwili haijatimia, toa likizo humo uone kinachobaki.

Alama zenyewe zisikutishe sana. Muhula wa kwanza PCB wengi wanaanguka Fizikia, hasa waliotoka shule ambayo maabara ilikuwa kabati lenye kufuli. Wanamwaga mekanika yote kwa wiki chache, na anayemeza maswali aliyozoea kidato cha nne anakwama. Mtoto wa 52 Baiolojia katika darasa lile si mjinga. Mwone mwalimu wa taaluma, ulizia kama CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) ina nafasi, lakini ujue Kemia anaenda nayo, na bila Fizikia mlango wa udaktari chuo kikuu unafungwa. Huko wanataka kuanzia D tatu: Fizikia, Kemia, Baiolojia.

Dada_Mkubwa:
CBG hataki. Na shule hataki. Nimeshaongea na chuo kimoja cha afya, wamesema wani yake ya 12 inatosha na kubaki, wao wanataka D nne tu za kidato cha nne, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Miaka mitatu anatoka tabibu, anaajiriwa zahanati. Akitaka udaktari anajiendeleza baadaye. Nimeshalipia na nafasi ya Septemba, kwa hiyo naomba tushauriane kuanzia hapo.

Fundi_Saa:
Kumbe umeshalipa! Sasa hapa umekuja kuomba ushauri au kutupa taarifa?

Mwalimu_wa_Zamu:
Umelipa kwa namba ya malipo au kwa risiti ya mkononi? Mwanafunzi wa kozi ya afya hajawa mwanafunzi mpaka jina lake lihakikiwe na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo. Nafasi ya Septemba haiuzwi saa hizi kwa risiti ya kuandikwa na peni.

Dada_Mkubwa:
Risiti ina muhuri.

Nyundo_7:
Wakuu mnapoteza bando. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Rudini mwanzo wa uzi: baba "ameuza mahindi yake kwa ajili ya ada". Ada gani? Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita kwenye bajeti ya 2022/23, hata mtoto wa darasa la saba anajua. Halafu bibi anakufa, anaugua, anakufa tena. Mleta mada ni mwanaume yuko hosteli anatunga tukiwa tumelala. Kesho atasema binti amepona na anahitaji nauli.

Gunia_la_Alizeti:
Tangawizi imezidi.

Nguvu_za_Pembe:
Mimi nilishamtumia ujumbe inboksi, hajajibu. Chai.

Mzee_wa_Ndachi:
Enzi zetu tulilipa, tena ukichelewa unarudishwa nyumbani na barua. Nilishawahi kutembea kutoka stesheni...

Mama_Zuhura:
Mzee ngoja kwanza. Dada, jibu la ada.

Dada_Mkubwa:
Siyo chai. Ada haipo, najua haipo. Ipo michango tu, na michango ya mwaka huu niliilipa mimi kwa hela ya fotokopi. Baba ndiye hajui kuwa ilifutwa. Alipopiga simu kuuliza ada ni shilingi ngapi nikamtajia, akauza mahindi, akatuma. Hiyo hela ndiyo nimelipa chuo. Sijanunua hata kanga. Imeenda kwa mtoto yule yule, shule ile ile ya udaktari ila mlango mwingine, sasa wizi uko wapi?

Fundi_Saa:
Kwa hiyo baba yuko Kongwa anajua mtoto yuko darasani na ada imelipwa. Shule wanajua mtoto anauguza bibi. Chuo wanajua... wanajua nini?

Dada_Mkubwa:
Chuo wanajua mimi ndiye mlezi.

Nyundo_7:
Narudisha nusu ya maneno yangu. Mtunzi wa chai angetunga uongo uliopangika zaidi ya huu.

Mwalimu_wa_Zamu:
Mtu ambaye hatujamsikia tangu uzi uanze ni binti mwenyewe. Yeye anajua umelipa?

Dada_Mkubwa:
Bado. Nasubiri atulie.

Mama_Zuhura:
Na sasa hivi anafanya nini?

Dada_Mkubwa:
Yuko hapa kibandani. Ameokota karatasi zangu zilizoharibika kwenye mashine, upande wa nyuma anachora jiwe linarushwa kutoka ghorofani, anatafuta litaanguka umbali gani. Jibu halilingani na la kitabu. Ameshaharibu karatasi kama tano na amechukua kikokotoo changu cha kazi, wateja wananisubiri.

Nguvu_za_Pembe:
Mwambie atenganishe mwendo wa mlalo na wa wima. Mlalo hauna mchapuko. Muda anaupata kwenye wima, halafu ndio aulete kwenye mlalo. Hili la leo bure.

Dada_Mkubwa:
Nimemwambia. Anasema alishatenganisha, ila mwendo wa wima aliuanza na kasi yote badala ya sifuri. Ngoja.

Dada_Mkubwa:
Limetoka. Anauliza kama mwalimu unalo swali la mlima, la kurusha kuelekea juu.

Nguvu_za_Pembe:
Ninalo. Hilo sasa bei ya maelewano.

Mwalimu_wa_Zamu:
Dada, ruhusa yake inaisha lini?

Dada_Mkubwa:
Jumatatu. Na Jumamosi baba anakuja mjini kununua mbegu, anafikia kwangu. Sijaamua. Msinisukume, nimesema sijaamua.

Mama_Zuhura:
Jumamosi hiyo utaamuliwa.

Gunia_la_Alizeti:
Samahani dada, tuongee kama ndugu. Binti akirudi shule, ile nafasi ya chuo inahamishika? Nina mdogo wangu yuko Bahi ana D nne kamili, zile zile.